Nywele nyembamba zinazolala: nini cha kununua na nini cha kuacha

Swali la msomaji: "Nywele zangu ni nyembamba sana, unywele mmoja hata hausikiki kati ya vidole. Nikiziosha na kuzikausha kwa draya zinapendeza kwa muda mfupi tu. Ikifika mchana zimelala, zimeshikana makundi makundi, na ngozi ya kichwa inaonekana. Nina shampuu ya kuongeza unyevu, kondishena nzito, mafuta ninayopaka kila asubuhi, na juzi nimenunua spreyi iliyoandikwa kwamba inaongeza ujazo. Hali ni ile ile. Ninunue nini ili nywele zijae?"

Jibu:

Dada yangu, pole, na asante kwa kutaja kila unachotumia, maana jibu limo humo humo. Kabla hujanunua chupa ya tano, acha kuzilemea nywele kwa mbili kati ya hizo nne: mafuta ya kila asubuhi na kondishena nzito. Hiyo spreyi ya juzi huenda haina kosa lolote. Imepuliziwa juu ya mafuta, na juu ya mafuta spreyi haishiki.

Hakuna shampuu, povu wala spreyi inayoongeza idadi ya nywele kichwani. Zile zinazodai kunenepesha unywele huuvika utando mwembamba tu, nao unaondoka ukiosha. Ujazo unaouona kwa macho ni nafasi iliyopo kati ya unywele na unywele, hasa zile sentimita mbili tatu za kwanza kutoka kwenye ngozi. Mashina yakisimama, kichwa kizima kinaonekana kimejaa. Yakilala, hata mwenye nywele laki moja, ambazo ndizo wastani wa kichwa cha binadamu, ataonekana ana nywele haba. Kwa hiyo kila bidhaa utakayoishika dukani iulize jambo moja: hii itazitenganisha nywele zangu, au itazigandamanisha?

Nywele nyembamba zina udhaifu wake wa kimaumbile, na ukiuelewa hutadanganywa tena na maandishi ya chupa. Unywele wa kawaida una upana wa kati ya milimita 0.05 na 0.1 hivi. Chukua nywele mbili, mmoja ukiwa na nusu ya upana wa mwenzake. Ule mwembamba una uzito wa robo ya ule mnene, lakini uwezo wake wa kusimama bila kupinda ni sehemu 1 kati ya 16. Uzito umepungua mara nne, nguvu imepungua mara kumi na sita. Ndiyo maana kiasi cha mafuta ambacho unywele mnene hubeba bila shida, huo wako unainama nacho. Tena, ukipima nywele za uzito sawa, nyembamba zina eneo kubwa zaidi la nje, hivyo hubeba mafuta na mabaki ya bidhaa kuliko unavyodhani. Na mafuta hayo hayaishii kuzilemea, yanazivuta pamoja. Nywele kumi zikishikana zinakaa mahali pa moja, na pengo lililoachwa na zile tisa ndilo linaloonyesha ngozi ya kichwa.

Kabla hatujafika kwenye chupa, hakikisha unajua tatizo lako ni lipi, kwa sababu watu wengi huchanganya nywele nyembamba na nywele chache. Chukua unywele mmoja uliobaki kwenye kitana, uweke juu ya karatasi nyeupe sambamba na uzi wa kawaida wa kushonea. Ukiwa mwembamba mno kuliko uzi, na ukiuviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada husikii kitu, basi ni nyembamba. Kisha simama mbele ya kioo ukiwa na nywele safi na kavu, uzitenge njia katikati. Njia ikionekana kama mstari mwembamba, nywele zako ni nyingi ila kila mmoja ni mwembamba, na bidhaa zitakusaidia sana. Njia ikiwa pana, au inazidi kupanuka mwezi hadi mwezi, hilo ni jambo jingine, nami nitalirudia baadaye.

Sasa tuingie kwenye shampuu. Nyingi zinazouzwa kwa jina la unyevu au urekebishaji zimetengenezwa ziache kitu nyuma makusudi. Uso wa unywele, hasa ulioharibika, huwa na chaji hasi. Watengenezaji huweka viambato vyenye chaji chanya, ambavyo hung'ang'ania unywele hata baada ya kusuuza, na mara nyingi huvitumia kubandika silikoni. Kwa nywele nene na kavu hiyo ni neema. Kwako wewe ni mzigo. Wewe unahitaji shampuu inayosafisha na kuondoka. Neno la ujazo mbele ya chupa usilihesabu. Kila kampuni hulitumia itakavyo. Geuza chupa usome nyuma. Ukiona dimethicone au amodimethicone, ambazo ndizo silikoni zenyewe, ndani ya shampuu, irudishe rafuni. Maneno yanayoanza na polyquaternium, ambavyo ni vile viambato vyenye chaji chanya, yasikutishe yakiwa mwishoni kabisa mwa orodha, lakini mtu ambaye nywele zinalala ndani ya saa chache nisingempa shampuu inayoyataja mapema. Kuna njia nyepesi pia, ingawa si ya uhakika kila mara: shampuu inayopenyeza mwanga kwa kawaida huacha mabaki machache kuliko ile nyeupe, nzito, inayong'aa kama lulu.

Orodha ya nyuma ya chupa ina siri nyingine ambayo ningependa kila mnunuzi aijue. Katika nchi nyingi viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, ila vile vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote. Tafuta neno phenoxyethanol. Hiki ni kihifadhi ambacho sheria za Umoja wa Ulaya zimekiwekea kikomo cha asilimia 1, na kampuni nyingi duniani hufuata kiwango hicho. Chochote kilichoandikwa baada yake kwa kawaida hakizidi asilimia 1. Kwa hiyo chupa ikikutangazia kolajeni, keratini na protini kwa herufi kubwa mbele, halafu nyuma zote zimejipanga baada ya phenoxyethanol, unajua umeuziwa matone. Matone si lazima yawe bure, kwa kuwa baadhi ya viambato hufanya kazi kwa kiasi kidogo sana, lakini hayastahili bei ya juu.

Hata ukipata shampuu nyepesi, mabaki ya miezi iliyopita bado yapo kichwani. Anza kwa kuosha mara moja kwa shampuu ya kusafisha kwa kina, ile inayopenyeza mwanga kabisa na isiyo na mafuta, kisha uirudie kila baada ya wiki tatu au nne. Usiifanye ya kila siku, itakukausha. Kuhusu mara ngapi uoshe kwa wiki, nywele zilizonyooka na nyembamba zinaweza kuoshwa kila siku au kila baada ya siku moja bila madhara, ikiwa shampuu ni laini. Zile zinazojikunja sana hazihitaji hivyo, mara moja kwa wiki hutosha wengi.

Kondishena usiiache kabisa. Nywele nyembamba hukatika kwa urahisi, na zikikatika ncha zinabaki haba, ujazo unapungua tena. Kinachohitajika ni kubadilisha aina na mahali unapoipaka. Chagua iliyo nyepesi, inayotiririka kidogo ukiimimina mkononi, isiyotaja siagi ya shea wala mafuta ya nazi kati ya viungo vitano vya kwanza. Majina kama cetyl alcohol au cetearyl alcohol yasikuogopeshe kwa sababu ya neno la mwisho. Hizo ni nta laini za kulainisha, hazikaushi nywele. Paka kuanzia usawa wa masikio kushuka hadi kwenye ncha, mashina usiyaguse. Na kama hata hiyo nyepesi bado inazilaza, geuza mpangilio: tangulia na kondishena kwenye nywele zilizolowa, iache dakika mbili, kisha osha kwa shampuu. Utabaki na ulaini kiasi cha kuweza kuchana, na uzito utaenda na maji. Njia hii naipenda sana kwa nywele kama zako, na haigharimu kitu.

Kama fedha zako zinatosha bidhaa moja tu mpya, nunua povu la kuongeza ujazo, lile linalotoka kwenye kopo likiwa limeumuka. Ndani yake mna polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo, zinazokauka na kuwa utando mwembamba. Kwenye lebo utaziona kwa majina kama PVP, VP/VA copolymer au polyquaternium-11 (hili kwenye povu lisikutishe). Utando huo hufanya mambo mawili: unaupa kila unywele ugumu kidogo, ule ugumu ambao maumbile yalikunyima, na unaziunganisha nywele kwa vituo vidogo pale zinapokutana, hivyo zinashikilia nafasi kati yao badala ya kuteleza na kulaliana. Krimu na losheni za kutengenezea nywele hufanya kinyume chake, zinatelezesha. Ndiyo maana ningekushauri krimu zote uziache, hata zile zilizoandikwa kuwa ni za nywele nyembamba.

Lakini povu likitumiwa vibaya halisaidii. Kamua maji kwa taulo hadi nywele ziwe mbichi tu, zisidondoke, kwa sababu maji mengi yatalizimua. Toa kiasi cha kujaa kiganja kwa nywele zinazofika mabegani. Usilisugue juu juu kama unavyopaka losheni mwilini. Huko ndiko wengi wanakopotea, povu lote linabaki kwenye safu ya juu na mashina hayapati kitu. Inua nywele tabaka kwa tabaka kwa mpini wa kitana, gusisha povu kwenye mashina kwa ncha za vidole, kisha kilichobaki mkononi kipitishe hadi kwenye ncha. Halafu draya. Maji hulegeza vifungo vya haidrojeni ndani ya unywele, na vifungo hivyo hujifunga upya unywele unapokauka, kwa umbo lolote ulilo nalo wakati huo. Ukiuacha ukauke umelala, umeuambia ubaki umelala. Kwa hiyo inamisha kichwa mbele, au inua mashina kwa vidole, upulize hewa ya moto wa wastani kwenye mashina kwanza huku ukizielekeza nywele upande usio wa kawaida yao. Mashina yakishakauka, geuza hewa iwe baridi kwa dakika moja kabla hujaachia. Nywele zikiachiwa zikiwa bado za moto huanguka. Zikipoa zikiwa zimesimama, umbo linakaa. Urefu na ncha zimalizie mwisho.

Unyevunyevu wa hewa ndio adui wa kazi hii yote, maana maji ya hewani hulegeza vifungo vile vile. Kama unaishi penye unyevu mwingi, angalia kama glycerin imeandikwa mapema kwenye povu au spreyi yako. Kiambato hicho huvuta maji ya hewani, na nywele zilizonyooshwa kwa draya zitakosa umbo mapema zaidi. Spreyi ya kushikilia umbo, ikipulizwa kutoka umbali wa sentimita 25 hadi 30, husaidia. Ukiipuliza karibu, inalowesha na kulaza ulichokwisha kuinua.

Shampuu kavu na unga wa kuinua nywele ni vitu vizuri kwa siku ya pili. Shampuu kavu kwa kawaida ina wanga unaofyonza mafuta; ipake usiku kabla hujalala kuliko kusubiri asubuhi nywele zikiwa zimekwisha kushikana, na usiifanye mbadala wa kuosha. Unga wa kuinua nywele, wenye silica silylate, huongeza msuguano kati ya nywele hadi zinakataa kulaliana. Chembe kidogo tu kwenye mashina zinatosha. Ukizidisha, mikono itakwama ukichana. Spreyi za chumvi hutoa ukwaruzo wa aina hiyo hiyo, ila zinakausha, na kwa nywele zinazokatika kirahisi mimi siziwekei mkazo. Tahadhari moja: makopo mengi ya povu na spreyi husukumwa na gesi inayoshika moto, kwa hiyo usitumie karibu na jiko wala pasi ya nywele iliyowaka.

Kuhusu mafuta, najua ni vigumu kuyaacha kwa aliyekua akiamini kwamba nywele bila mafuta zinakufa. Mafuta ya nazi ni miongoni mwa machache yanayopenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Basi yatumie kwa kazi hiyo: paka kidogo kwenye ncha kabla ya kuosha, kisha yaoshe yaondoke. Kupaka kila asubuhi, hasa kwenye mashina, ndiko kunakokuharibia mchana wako.

Wasomaji wenye nywele nyembamba za kipilipili wasidhani hili haliwahusu, ila hesabu yao inabadilika kidogo. Mikunjo yenyewe huleta ujazo, na mafuta ya ngozi hayashuki kirahisi hadi kwenye ncha, kwa hiyo ukavu ni tatizo halisi. Kinacholaza nywele hizo mara nyingi ni siagi nzito na jeli nyingi kwa pamoja. Badala yake tumia kondishena nyepesi ya majimaji isiyosuuzwa, kisha povu lile lile juu yake. Zikikauka kabisa, na nasisitiza kabisa, ingiza chanuo kwenye mashina uinue taratibu bila kulipitisha hadi kwenye ncha. Ukiinua zikiwa na unyevu utapata timtim badala ya ujazo.

Rangi ya kudumu hufumua magamba ya nje ya unywele na kuufanya uwe na mkwaruzo kidogo, ndiyo maana baada ya kutia rangi nywele huonekana zimeongezeka. Ni kweli zimeongezeka ujazo, lakini kwa gharama ya uimara, na nywele nyembamba hazina akiba kubwa ya kutoa. Sikushauri utie rangi kwa sababu hiyo peke yake. Dawa za kunyoosha nywele ni mbaya zaidi kwa lengo lako, kwa kuwa zinavunja vifungo vikuu vya ndani, na nywele iliyonyooka kabisa ndiyo inayolala kuliko zote. Mkato una maana pia: ncha zilizokatwa sawa, zisizochongwa tabaka nyingi, huonekana nzito, na nywele zinazoishia kidevuni hadi mabegani husimama kwa urahisi kuliko zinazofika mgongoni.

Nimesema nitarudi kwa wale ambao njia ya katikati inapanuka. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Ukiona zaidi ya hapo kwa wiki kadhaa, mabaka yasiyo na nywele, au nywele za kipajini zinazorudi nyuma kwa sababu ya misuko ya kuvuta, usitafute shampuu. Misuko ya kuvuta ifumue leo, kwa sababu mashina yakivutwa kwa miaka hufa na hayarudi. Kwa mengine muone daktari wa ngozi. Upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingo ni sababu za kawaida na hupimwa kwa damu. Aliyejifungua miezi miwili hadi minne iliyopita mara nyingi hupukutisha nywele nyingi kwa muda, na nyingi huota tena. Dawa ya kupaka yenye ushahidi mzuri ni minoxidil, iliyoidhinishwa Marekani kwa wanaume mwaka 1988 na kwa wanawake mwaka 1991, lakini mjamzito na anayenyonyesha wasiitumie bila daktari. Vidonge vya biotini vinauzwa kwa ahadi kubwa, ila asiye na upungufu wa vitamini hiyo hana sababu ya kutarajia makuu, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2017 kwamba vinaweza kupotosha majibu ya vipimo vya damu, vikiwemo vya moyo. Kama unavimeza, mwambie daktari kabla hajakupima.

Basi kwako wewe, mpangilio ni huu. Wiki ya kwanza usinunue chochote isipokuwa shampuu ya kusafisha kwa kina. Osha, kondishena uliyonayo paka kwenye ncha tu, mafuta yaache, kausha mashina kwanza, tumia spreyi yako. Huenda hilo peke yake likatosha. Lisipotosha, nunua povu, na ulijaribu kwa njia wanayotumia watengenezaji wenyewe maabara: tenga nywele katikati, paka upande wa kulia tu, upande wa kushoto uukaushe vile vile lakini bila kitu. Usibadilishe bidhaa nyingine yoyote kwa wakati huo, la sivyo hutajua kilichofanya kazi. Jipige picha asubuhi, jipige nyingine saa kumi jioni, pale pale penye mwanga ule ule. Rudia kwa uoshaji mara tatu. Ukikuta pande zote mbili zimelala sawa, povu hilo halikufai, jaribu lenye polima ya jina tofauti. Ukikuta kulia kumesimama, wiki inayofuata paka na kushoto.